Bunduki ya marisau ikikusumbua: dalili, chanzo na la kufanya

Ndege akiruka salama baada ya mlio, au risasi ikigoma kulia kabisa, lawama ya kwanza huiangukia bunduki. Mara nyingi lawama hiyo si yake. Chanzo huwa ni risasi isiyoendana nayo, uchafu uliojificha mahali pasipoonekana, au kitako kisichomkaa mwindaji begani. Mwongozo huu unaanza na dalili unazoziona na kuzisikia, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo. Suala la kuchagua bunduki nimeliweka mwisho kwa makusudi: ukishajua bunduki hizi huharibikia wapi, utajua pa kutazama kabla hujatoa pesa.

Kabla hujaigusa

Elekeza mdomo wa mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Fungua. Toa risasi zote, za kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kulia, na za kwenye magazini, kisha tazama kwa macho na upitishe kidole ndani ya chemba uhakikishe ni tupu. Risasi zisibaki hata kwenye meza unayofanyia kazi.

Usikitegemee kitufe cha usalama. Kwenye bunduki nyingi za aina hii kitufe hicho hufunga triga tu, hakiishiki nyundo yenyewe, kwa hiyo bunduki ikianguka au kugongwa kwa nguvu inaweza kulia hata kama umekifunga. Majaribio yote ya triga yafanye kwa risasi bandia, zile zisizo na baruti wala fataki, kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti.

Mlio hafifu, teke halikuja

Naanza na dalili hii kwa sababu ndiyo inayoua. Umezoea mlio mkali na teke begani. Safari hii umesikia "puf" tu. Acha papo hapo. Usipakie risasi nyingine hata kama kundi zima la bata linapita juu ya kichwa chako. Baruti haikuungua sawasawa, na yawezekana kikombe cha plastiki kinachobeba marisau, zile chembe ndogo ndani ya risasi, kimebaki katikati ya mtutu. Risasi itakayofuata itakuta njia imezibwa, na mtutu utavimba au kupasuka, mara nyingi karibu kabisa na mkono ulioushika.

Fungua, toa ganda, tenganisha mtutu ikiwezekana, kisha utazame angani ukianzia upande wa chemba. Mtutu mzima na mtupu huonyesha duara jeupe mwishoni, na ndani yake miviringo ya mwanga inayopungua sawasawa kuelekea mdomoni. Ukiona kivuli kinachokatiza miviringo hiyo, kuna kitu. Kisukume kwa mdeki, ile fimbo ya kusafishia mtutu, wa mbao au wa alumini. Kukitoa kwa kufyatua risasi nyingine ndiko kunakopasua mitutu.

Vyanzo vya mlio hafifu ni vichache: risasi zilizolowa, risasi za zamani mno zilizohifadhiwa kwenye joto na unyevu, au risasi zilizojazwa nyumbani kwa kipimo kibovu cha baruti. Ukipata moja ya namna hiyo, tilia shaka boksi zima.

Mtutu pia huzibwa bila hata kufyatua. Mwindaji akijikwaa, mdomo wa mtutu hugusa tope na kubeba donge. Kitambaa cha kusafishia husahaulika ndani. Nyigu wa udongo hujenga kiota kwenye mtutu uliowekwa miezi kadhaa bila kutumika. Tazama kupitia mtutu kila unapotoka, na tena kila unapoanguka au kuvuka mtaro.

Kisha kuna hatari ya risasi za geji mbili, yaani vipimo viwili vya upana wa mtutu, kuchanganyika mfukoni. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye bunduki ya geji 12 haikai kwenye chemba. Huteleza mbele na kukwama pale mtutu unapoanza kuwa mwembamba. Ukifungua huoni kitu, unadhani hukupakia, unaweka ya geji 12 nyuma yake, unafyatua. Ndiyo maana viwanda hutengeneza risasi za geji 20 kwa rangi ya njano, ili zitambulike haraka. Mwenye bunduki za geji zote mbili asibebe kamwe risasi za aina zote mbili kwa siku moja. Hilo silipunguzi hata kidogo.

Umevuta triga, kimya

Endelea kuielekeza bunduki mahali salama na uhesabu polepole hadi 60. Fataki huweza kuchelewa kuwasha baruti, na risasi ikalia sekunde chache baadaye wakati mtu ameshafungua bunduki usoni mwake. Baada ya kusubiri, fungua, toa risasi hiyo na utazame kitako chake. Kile kishimo kidogo kilichoachwa kwenye fataki na sindano, ile ncha inayoipiga, kitakuambia karibu kila kitu.

*Hakuna alama yoyote.* Sindano haikufika. Anza na mambo mepesi: kitufe cha usalama bado kimefungwa, au bunduki haikujifunga sawasawa kwa sababu ya jani, mchanga au ganda lililovimba. Kwenye nusu otomatiki, mtu aliyeisindikiza bolti, chuma kinachofunga chemba, taratibu kwa mkono ili isipige kelele huiacha ikiwa milimita chache haijafika mwisho. Iachie ijipige yenyewe kwa nguvu ya springi. Kwenye mitutu miwili yenye triga moja, huenda ni umbile lake: triga nyingi za namna hiyo huhamia mtutu wa pili kwa kutegemea teke la risasi ya kwanza. Risasi ya kwanza isipolia, teke halipo, na triga haihami. Ndiyo sababu pia ukijaribu kwa risasi bandia mtutu wa pili hauitiki mpaka ugonge kitako kidogo kwa kiganja. Ukishaondoa hayo yote, sindano imevunjika.

*Alama ipo lakini ni ya juujuu.* Hapa naanza na mafuta. Mafuta mengi yaliyowekwa kwa nia njema hushika vumbi, huganda kama gundi, na siku ya baridi huipunguzia sindano kasi. Safisha njia ya sindano kwa kiyeyushi, ikaushe, weka mafuta kidogo sana. Ikiwa tatizo limebaki, springi ya nyundo imechoka, au sindano imelika nchani. Hizo ni kazi za fundi bunduki.

*Alama ni ya kina na safi.* Bunduki imefanya kazi yake. Risasi ndiyo mbovu. Badilisha boksi, na safari ijayo zihifadhi mahali pakavu.

Ganda halitoki

Kabla ya kulaumu kucha inayovuta ganda, tazama chemba. Kila risasi huacha masizi na utando mwembamba wa plastiki, na brashi ya kawaida ya mtutu huupita bila kuugusa kwa sababu chemba ni pana kuliko mtutu. Nunua brashi ya chemba, au tumia brashi ya shaba ya geji kubwa zaidi, kwa kuizungusha na kiyeyushi. Geji 12 ikisafishwa kwa brashi ya geji 10, utashangaa kinachotoka.

Chanzo cha pili ni risasi zenyewe. Zile za bei nafuu mara nyingi kitako chake ni cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Hutanuka kwa mlipuko na hazirudi kama shaba halisi. Kwenye bunduki yenye chemba iliyobana kidogo, hukwama. Jaribu aina nyingine kabla hujaita fundi. Risasi za karatasi zilizopata unyevu nazo huvimba, wakati mwingine hata kuingia huwa ni shida.

Chanzo cha tatu ni kutu ndani ya chemba. Ingiza kidole kidogo na uzungushe: ukuta uwe laini kama kioo. Vishimo vya kutu huling'ang'ania ganda kila mara, na hakuna mafuta yatakayoviziba.

Zingatia pia urefu wa chemba, uliogongwa ubavuni mwa mtutu: 65, 70, 76 au 89, kwa milimita. Urefu ulioandikwa kwenye boksi la risasi ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Risasi ya milimita 76 ambayo haijalia huingia bila taabu kwenye chemba ya milimita 70, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ikilia, mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka, shinikizo hupanda, ganda hukwama au kuchanika, na bunduki huumia. Soma mtutu, soma boksi.

Nusu otomatiki hailishi risasi ya pili

Uliza kwanza: ina mfumo gani? Zile za gesi huchukua gesi kidogo ya mlipuko kupitia matundu madogo kwenye mtutu na kuitumia kusukuma pistoni iliyozunguka bomba la magazini. Zile nyingine hutegemea bunduki yenyewe kusogea nyuma huku bolti ikibaki palepale kwa sehemu ndogo ya sekunde, springi ikabanwa na kuirudisha. Dalili inafanana, tiba ni mbili tofauti.

Kwenye ya gesi, matundu huzibwa na masizi magumu. Yazibue kwa kijiti au waya laini wa kipimo chake, usiyapanue. Safisha pistoni na bomba mpaka chuma kionekane, kisha uache sehemu hiyo karibu kavu. Mafuta mengi hapo hugeuka lami baada ya risasi chache. Angalia pete: baadhi ya bunduki zina pete ya mpira inayozuia gesi isivuje, na ikichanika au ikisahaulika wakati wa kusafisha bunduki inakuwa ya risasi moja moja. Pete zikirudishwa kwa mpangilio usio wake matokeo ni yaleyale, kwa hiyo piga picha kabla ya kufungua.

Kwenye ile ya msukumo, tatizo mara nyingi ni mshiko. Bunduki ikishikwa kwa ulegevu, au ikiegemezwa kwenye kitu kigumu kisichoiruhusu kusogea, haipati mwendo inaouhitaji. Uzito uliofungiwa juu yake, kama tochi au mkanda wa risasi, nao huipunguzia mwendo.

Kwa zote mbili, angalia uzito wa marisau. Bunduki iliyotengenezwa kwa risasi nzito za bata bukini inaweza kugoma kabisa ukiilisha risasi za gramu 24 za kupigia shabaha. Huo si ubovu. Kitabu cha mtengenezaji hutaja kiwango cha chini, na nyingine hutaka gramu 32.

Na usisahau springi iliyo ndani ya kitako, kwa bunduki zenye umbo hilo. Inakaa gizani, maji ya kinamasi huifikia, hakuna anayeifungua. Bolti ikirudi kwa uzembe na kila kitu kingine ni kisafi, chanzo kiko huko.

Pampu imegoma

Kishikio cha mbele hakisogei? Bunduki iko tayari kulia, na imefungwa kwa makusudi. Bonyeza kitufe cha kufungulia kilicho karibu na triga. Ganda limetoka lakini risasi mpya haikuingia? Hukuvuta hadi mwisho. Chini ya presha ya ndege aliyeinuka ghafla, mkono hukatiza safari. Vuta kwa nguvu hadi nyuma kabisa, rudisha kwa nguvu hadi mbele. Risasi mbili zikitoka kwenye magazini kwa pamoja, vishikizi vya risasi vimelika, umfikishie fundi.

Bunduki nzima, ndege hawaanguki

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana watu hubadilisha bunduki badala ya kupima. Unachohitaji ni karatasi kubwa, kama mita 1.2 kila upande, mahali salama pa kupigia, na subira.

Anza na mkao. Simama mita 15 hivi kutoka kwenye karatasi yenye alama katikati. Inua bunduki kama unavyoinua kwa ndege, macho yote mawili wazi, na ufyatue mara tu kitako kinapogusa bega. Usilenge kwa kutulia; ukilenga unamficha mtuhumiwa. Piga karatasi kadhaa namna hiyo, kisha tafuta kitovu cha marisau.

Kitovu kikiwa juu ya alama, mgongo wa kitako uko juu mno kwako, au unainua shavu wakati wa kufyatua. Kikiwa chini, mgongo uko chini mno, jicho limezama nyuma ya bunduki. Kikiwa kushoto kwa mtu anayetumia bega la kulia, mgongo wa kitako ni mnene unaosukuma jicho pembeni, au jicho la kushoto ndilo linalotawala. Kwa umbali huo, kila sentimita 2.5 ya kupotoka hudai marekebisho ya milimita 1.6 hivi kwenye kitako. Ni kidogo mno kuonekana kwa macho, na inatosha kukunyima ndege msimu mzima.

Jicho linalotawala unalipima bila chombo. Nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali, macho yote wazi, kisha ufumbe jicho la kushoto. Kidole kikibaki palepale, jicho la kulia ndilo mkuu. Kikiruka pembeni, ni la kushoto, na mtu wa bega la kulia itabidi afumbe jicho hilo anapoinua bunduki, abandike kipande cha utepe kwenye miwani, au ajifunze bega la pili. Kwa kijana anayeanza, namshauri abadilishe bega mapema. Kwa mtu aliyezoea miaka mingi, utepe unatosha.

Urefu wa kitako, kutoka triga hadi pedi, kwa watu wengi wazima huwa kati ya sentimita 35 na 37. Kirefu mno hunasa nguo kwapani unapoinua. Kifupi mno huleta kidole gumba puani.

Ukishahakikisha bunduki inapiga unapotazama, pima mtawanyiko. Kipimo kinachotumika ni mita 36.5, na duara la sentimita 76 lililochorwa kuzunguka sehemu yenye marisau mengi. Hesabu matundu ndani ya duara, ulinganishe na idadi ya chembe zilizomo kwenye risasi moja. Mtutu usiobanwa mdomoni huweka asilimia 40 hivi ndani ya duara. Uliobanwa robo, karibu 50. Nusu, karibu 60. Uliobanwa kabisa, karibu 70. Kwa geji 12, tofauti kati ya mtutu usiobanwa na ule uliobanwa kabisa ni milimita moja tu, au pungufu kidogo. Hicho ndicho kinachoitwa choki.

Lakini asilimia haitoshi. Tazama matundu yenyewe. Weka kiganja kwenye karatasi na ukisogeze: kuna sehemu ambayo kiganja kinaenea bila kugusa tundu hata moja? Kware angepita hapo mzima. Kibaya zaidi, njiwa angepita hapo na chembe moja tumboni, akaenda kufia usipomwona. Badilisha aina ya risasi kwanza, ndipo ubadilishe choki; bunduki mbili za mtengenezaji mmoja zinaweza kupendelea risasi tofauti.

Kosa ninaloliona la kawaida ni kubana kupita kiasi. Mtu anaweka choki iliyobana kabisa kwa ndege wanaoinuka mita 20 mbele yake. Akipata, nyama imesagika. Akikosa, amekosa kwa sentimita chache ambazo choki ya robo ingezifunika. Kwa kware na ndege wa vichakani, tumia wazi au robo. Kwa njiwa wapitao na kanga, robo hadi nusu. Iliyobana kabisa iache kwa wanaojua kwa hakika kwamba umbali unaidai, nao ni wachache.

Ukubwa wa marisau nao una mtego. Namba ikipanda, chembe inapungua: kwa hesabu ya Kimarekani namba 8 ina kipenyo cha milimita 2.3 hivi, namba 6 ina 2.8, namba 4 ina 3.3. Uingereza wana hesabu yao, na namba 6 yao ni milimita 2.6. Usisome namba peke yake; tafuta milimita kwenye boksi. Kware na njiwa wadogo huhitaji namba 8 au 7½, njiwa wakubwa na kwale 7 au 6, kanga 6 hadi 5, bata 4.

Marisau ya chuma yana kanuni zake. Bata huokota chembe za madini ya risasi kwenye matope pamoja na changarawe, zikasagwa kwenye firigisi, akafa kwa sumu taratibu. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku marisau hayo kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Naona ni haki. Ila chuma ni chepesi, uzito wake ni kama theluthi mbili ya madini ya risasi kwa ujazo uleule, hivyo hupoteza nguvu haraka: chagua chembe kubwa kwa namba mbili, na sogea karibu. Pia hakibonyei, kwa hiyo hutawanyika kidogo. Choki ya nusu ikipigiwa chuma hufanya kazi ya choki iliyobana zaidi, na iliyobana kabisa inaweza kuvimba mdomo wa mtutu. Bunduki kongwe yenye kuta nyembamba usiilishe chuma kabisa.

Karatasi ikikupa majibu mazuri na bado unakosa, unasimamisha mkono. Njiwa anayekatiza kwa kilomita 60 kwa saa, mita 30 kutoka kwako, husogea takriban mita moja na nusu kabla marisau hayajamfikia. Ukisimamisha mtutu unapofyatua, umempiga nyuma. Endelea kuuzungusha hata baada ya mlio.

Bega limeiva

Bunduki nyepesi na risasi nzito ndiyo ndoa mbaya kuliko zote. Geji 12 ya kilo 2.8 inabebeka vizuri kutwa nzima, lakini ukiipa gramu 36 itakufundisha kuogopa triga, na anayeogopa hufumba macho. Punguza hadi gramu 28 au 30. Kwa ndege wengi zinatosha. Michubuko ikiwa mkononi chini ya bega, unaweka kitako nje ya shimo la bega. Ikiwa shavuni, umbo la kitako halikufai, na pedi nene ya nyuma haitasaidia kitu.

Mitutu miwili inalia pamoja, au inalegea

Ikilia yote kwa mvuto mmoja wa triga, siku ya uwindaji imekwisha. Vidato vinavyoshika nyundo vimelika, na itarudia. Hapa hakuna cha kujaribu nyumbani.

Kulegea hutazamwa hivi. Toa kishikio cha mbele, funga mtutu, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, utikise taratibu. Ukihisi mchezo, au ukiinua bunduki kwenye mwanga ukaona mstari wa nuru kati ya mtutu na mwili wake, viungo vimelika. Wenzo wa juu nao husema: kwenye bunduki mpya husimama kidogo kulia kwa mstari wa kati, na kadiri inavyolika unahamia katikati hadi kushoto. Bunduki nyingi za namna hii hulika kwa sababu hufungwa kikavu na kwa kishindo. Tone la grisi kwenye bawaba, na mkono unaofunga kwa upole, huongeza miaka mingi.

Kutu, mbao laini, choki iliyoganda

Kutu ya madoadoa nje ya mtutu ni chumvi ya jasho la vidole. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kuishika, si kila baada ya kufyatua. Ile ya ndani hutokana na unyevu uliofungiwa: bunduki ikitolewa kwenye baridi ikaingizwa kwenye joto hutoka jasho, na ikiwekwa mara hiyo kwenye mfuko wa ngozi au sanduku la sponji, unyevu hauna pa kwenda. Mfuko ni wa safari. Nyumbani bunduki ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na risasi zifungiwe kando.

Usafi wenyewe si kazi ndefu. Mdeki uingie kutoka upande wa chemba: kitambaa chenye kiyeyushi, subiri dakika kumi, brashi ya shaba mara kadhaa, vitambaa vikavu mpaka vitoke safi, mwishoni kitambaa chenye mafuta kidogo. Mistari ya kijivu inayobaki mbele ya chemba na karibu na choki ni madini ya risasi na plastiki, rudia brashi. Bunduki ya baruti nyeusi huoshwa kwa maji ya moto, ikaushwe kabisa, ndipo mafuta. Kabla ya kuirudisha uwindaji, pitisha kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta kwenye chemba huongeza mzigo unaopigwa mgongoni mwa bunduki.

Mbao ikiwa nyeusi na laini pale inapokutana na chuma, imekunywa mafuta. Yanateremka taratibu bunduki inaposimama kitako chini. Mbao iliyoloa hubonyea kwa kila teke, kisha hupasuka nyuma ya chuma. Weka mafuta machache, na ikiwezekana isimamishe mdomo wa mtutu ukiwa chini, juu ya kitambaa.

Choki za kufunguliwa zifungue baada ya kila safari, safisha nyuzi, paka grisi kidogo, kaza kwa mkono na ufunguo wake. Usifyatue ikiwa imelegea, wala pasipo choki kabisa: nyuzi za ndani zitaharibika, na mtutu nao. Iliyoganda iloweshe kwa mafuta ya kupenya usiku mzima kabla ya kutumia nguvu.

Kuchagua

Namba ya geji ni idadi ya goroli za madini ya risasi, zenye upana wa mtutu, zinazotimiza ratili moja. Kwa hiyo geji 12, yenye kipenyo cha milimita 18.5, ni pana kuliko geji 20 yenye 15.6. Bunduki ya .410 hutajwa kwa inchi. Wengi humpa kijana hiyo ndogo kwa sababu haina teke, mimi sikubali. Marisau yake ni machache, mtawanyiko wake hauvumilii kosa, na mwanafunzi hukata tamaa huku akijeruhi ndege. Geji 20 yenye uzito wa kutosha na risasi za gramu 24 inafundisha vizuri zaidi. Kwa mtu mzima anayetaka bunduki moja kwa kila kitu, geji 12 yenye chemba ya milimita 76 na choki za kubadilisha bado haina mpinzani.

Mitutu miwili ndiyo rahisi kuiona ni salama, maana ikifunguliwa kila mtu anaiona. Pampu huvumilia tope na risasi za kila aina. Nusu otomatiki ya gesi huhurumia bega, ila inadai usafi. Angalia pia sheria ya mahali unapowinda kuhusu idadi ya risasi. Marekani, kwa mfano, hairuhusu zaidi ya tatu kwa ndege wahamao.

Kwa bunduki iliyotumika, fanya yote yaliyoelezwa juu, kisha uongeze haya. Ning'iniza mitutu miwili kwa kidole kwenye ndoano yake na uigonge kwa ukucha: sauti ya kengele ni njema, sauti ya kufa huashiria utepe unaounganisha mitutu umeachia. Tafuta bonyeo na uvimbe kwa kupitisha vidole nje huku ukitazama ndani; uvimbe huonekana ndani kama pete nyeusi. Tafuta mihuri ya upimaji chini ya mitutu, na kwa marisau ya chuma yenye nguvu kubwa, muhuri wa ua la yungiyungi unaotumiwa Ulaya. Mitutu yenye mawimbi ya rangi ndani ya chuma chake imesokotwa kwa tepe za chuma kwa mtindo wa zamani, mingi ikiwa ya enzi ya baruti nyeusi. Isipigwe risasi za kisasa mpaka fundi stadi aipime unene.

Mwisho, omba kuipigia karatasi kabla ya kulipa, ukiwa na risasi unazokusudia kuwindia, na ukague vibali vya muuzaji na namba iliyogongwa kwenye chuma kama vinalingana. Bunduki ambayo mwenyewe hataki ipigiwe karatasi, iache mezani.